Faili halina jina

Mwulize mtu yeyote anayeshinda kwenye terminali ya Linux: jina la faili limeandikwa wapi? Wengi watakujibu bila kusita kwamba limo ndani ya faili lenyewe, pamoja na ukubwa na tarehe. Jibu linaonekana halina ubishi. Ukubwa ni sifa ya faili, mmiliki ni sifa, ruhusa ni sifa, na jina nalo lingekuwa nini kama si sifa? Lakini kwenye mifumo ya ukoo wa Unix mambo hayako hivyo. Sifa zote hizo zimewekwa mahali pamoja, jina likaachwa nje. Uamuzi huo mmoja ndio unaoeleza karibu kila kioja utakachokutana nacho kwenye mifumo hii, kuanzia diski iliyojaa mafaili yasiyoonekana hadi faili usiloruhusiwa kuliandika ambalo unaweza kulifuta kama mchezo.

Wenzangu wapya kazini huwa nawaonyesha kwanza kipande hiki:

```
$ echo habari > a
$ ln a b
$ ls -li
1835017 -rw-r--r-- 2 mimi mimi 7 Mac  4 09:12 a
1835017 -rw-r--r-- 2 mimi mimi 7 Mac  4 09:12 b
```

Namba ndefu iliyo kushoto ni namba ya inodi, yaani rekodi inayotunza sifa zote za faili isipokuwa jina. `a` na `b` zina namba ileile, na ile 2 inayofuata ruhusa inasema inodi hii ina majina mawili, la pili likiwa limeongezwa na `ln`. Mtu akiniuliza lipi ndilo faili halisi na lipi ni nakala, namwambia swali lenyewe halina jibu, maana mfumo haukuweka popote kumbukumbu ya nani alitangulia. Andika kupitia `b`, utayasoma kupitia `a`. Futa `a`, na `b` haitatikisika. Majina yote mawili yana haki sawa, hata lile ulilolipa faili siku unaliunda.

Inodi yenyewe ni rekodi ndogo. Kwenye ext4, mfumo wa mafaili unaotumika kwenye seva nyingi za Linux, kwa kawaida ni baiti 256; kwenye ext2 ya mwaka 1993 ilikuwa 128. Ndani yake kuna aina ya faili, ruhusa, namba ya mmiliki na ya kikundi, ukubwa kwa baiti, idadi ya majina, tarehe, na ramani inayoonyesha data imekaa kwenye bloku zipi (vipande vya ukubwa mmoja) za diski. Hata mmiliki hakuandikwa kwa jina. Ni namba tu, na `ls` ndiyo inayokwenda kuuliza `/etc/passwd` namba 1000 ni nani. Ndiyo maana ukichomoa diski kwenye mashine moja ukaichomeka kwenye nyingine, unaweza kukuta mafaili yako yamekuwa mali ya mtu usiyemjua: namba ni ileile, ila huku imepewa mwingine.

Sehemu ya ruhusa inastahili kutazamwa kwa karibu. Amri `stat -c %f a` inatoa `81a4`, biti 16 zilizoandikwa kwa namba za msingi wa kumi na sita. Ukizitandaza unapata hivi:

```
1000 000 110 100 100
```

Biti nne za kwanza ni aina: `1000` ni faili la kawaida, `0100` ingekuwa saraka (folda), `1010` kiungo laini. Tisa za mwisho ni zile `rw-r--r--` tulizozoea, tatu za mmiliki, tatu za kikundi, tatu za wengine wote. Katikati kuna tatu zilizolala, na ya kwanza kati yake ndiyo setuid, ambayo Dennis Ritchie aliiombea hataza mwaka 1973 na kupewa mwaka 1979. Biti hiyo ikiwashwa kwenye programu, atakayeiendesha anavaa mamlaka ya mwenye programu, si yake mwenyewe. Hivyo ndivyo `passwd` inavyomwezesha mtumiaji wa kawaida kubadilisha nywila iliyomo kwenye `/etc/shadow`, faili ambalo yeye haruhusiwi hata kulisoma. Biti moja tu. Sijawahi kuona sehemu nyingine ya mfumo ambapo kitu kidogo namna hiyo kimebebeshwa mzigo mkubwa namna hiyo, na wavamizi wamekuwa wakiisaka miaka yote hii kwa sababu hiyohiyo.

Ramani ya bloku nayo ina ujanja wake. Kwenye ext2 inodi ina nafasi 15 za vielekezi. Kumi na mbili za kwanza zinaelekeza moja kwa moja kwenye bloku za data, kwa hiyo kama bloku ni KB 4, faili lisilozidi KB 48 linasomwa bila kuzunguka popote. Likizidi hapo, kielekezi cha 13 kinaelekeza kwenye bloku iliyojaa vielekezi vingine 1,024, na hapo unaongeza MB 4. Cha 14 kinaelekeza kwenye bloku ya vielekezi vya bloku za vielekezi: GB 4 zaidi. Cha 15 kinaongeza ngazi ya tatu, na kwa hesabu ya vielekezi peke yake unafika TB 4. Mpango huu unayapendelea mafaili madogo, ambayo ndiyo mengi, huku ukiyaruhusu makubwa kuwepo kwa gharama ya hatua chache zaidi. Ext4 iliuacha. Badala ya kuorodhesha bloku mojamoja, inaandika tu kwamba kuanzia bloku fulani, chukua bloku kadhaa zinazofuatana. Kipande kimoja cha namna hiyo kinaweza kufunika MB 128, na inodi ina nafasi ya vipande vinne kabla ya kuhitaji msaada wa nje. Kwa mafaili makubwa tofauti ni ya kuonekana kwa macho: kufuta filamu ya GB kadhaa kwenye ext3, mtangulizi wa ext4, kulikuwa kunakupa muda wa kujinyoosha.

Sasa, jina liko wapi? Liko kwenye saraka. Saraka ni faili kama mafaili mengine, lina inodi yake, na data yake ni jozi za jina na namba, kama daftari la simu. Kwenye Toleo la 7 la Unix, la mwaka 1979, kila mstari wa daftari hilo ulikuwa na baiti 16: mbili za namba ya inodi, 14 za jina. Basi. Ndiyo sababu majina ya mafaili hayakuweza kuzidi herufi 14, na ndiyo sababu mfumo mmoja wa mafaili haukuweza kuwa na inodi zaidi ya 65,535. Kufuta jina kulikuwa ni kuandika sifuri kwenye zile baiti mbili. Siku hizo ungeweza hata kuisoma saraka kwa `cat` kama faili la maandishi. Linux ya leo inakukatalia. Mfumo wa mafaili wa BSD (tawi la Unix) uliofuata, kazi ya Marshall Kirk McKusick na wenzake, uliruhusu majina ya hadi baiti 255, na kiwango hicho kimebaki hadi leo kwenye ext4. Kuhusu herufi zinazokubalika, keneli, yaani kiini cha mfumo, haina mapendeleo: baiti yoyote ni halali isipokuwa mkwaju (`/`) na baiti yenye thamani sifuri. Jina linaweza kuwa na mstari mpya katikati yake. Halipendezi, na skripti nyingi zinavunjika kwa ajili yake, lakini ni halali.

Ukishakubali kwamba saraka ndiyo yenye majina, lile jambo la kufuta faili usiloruhusiwa kuliandika linajieleza. Kufuta hakuligusi faili. Kufuta ni kuondoa mstari kwenye saraka, kwa hiyo keneli inauliza ruhusa zako kwenye saraka, wala haijali zile za faili. Umeweka faili lako `r--------`, mali ya root (msimamizi mkuu wa mfumo), ndani ya saraka ambayo mimi nina haki ya kuiandika? Nitaliondoa bila shida, japo sijui hata limeandikwa nini. Wengi hukasirika wakiliona hili mara ya kwanza na kuliita kasoro. Mimi naona ni mantiki safi, ila kwenye saraka ya watu wote kama `/tmp` ingekuwa vurugu, ndipo inapokuja ile biti ya tatu katika zile zilizolala, biti ya kunata: `/tmp` ina ruhusa 1777, na ile 1 ya mbele inasema kila mtu afute cha kwake tu.

Hata `r` na `x` za saraka zinaeleweka kwa njia hiyo. `r` inakupa orodha ya majina. `x` inakuruhusu kupita kutoka kwenye jina hadi kwenye inodi. Saraka yenye `x` bila `r` ni nyumba ya giza: ukilijua jina utakifikia kitu, usipolijua huwezi kupapasa.

Kwenye Linux, mwito wa keneli unaofuta faili unaitwa `unlink`, na unafanya hicho tu: unaondoa jina, unapunguza hesabu ya majina kwenye inodi kwa moja. Hesabu ikifika sifuri, inodi na bloku zake zinarudishwa kwenye akiba, lakini kuna sharti la pili ambalo watu hulisahau: kusiwe na mchakato wowote, yaani programu inayoendeshwa, uliolifungua faili hilo. Hapo ndipo kinapozaliwa kile kitendawili cha wasimamizi wa seva. `df` inasema diski imejaa asilimia 100. `du` inajumlisha kila kitu kilichopo na kukuta nusu tu. Nani anadanganya?

Hakuna anayedanganya. `du` inatembea kwenye saraka ikihesabu inachokiona kwa majina. `df` inauliza mfumo wa mafaili bloku ngapi zimechukuliwa. Tofauti kati yao ni mafaili yasiyo na jina. Kwa kawaida mtu ameona logi (faili ambamo programu huandika matukio yake) imenenepa, akaifuta kwa `rm`, na programu iliyokuwa inaiandika haikuambiwa chochote. Inaendelea kuandika kwenye inodi ileile, usiku na mchana, ndani ya faili ambalo hakuna `ls` itakayolionyesha. Amri ya kuliumbua ni `lsof +L1`, inayoorodhesha mafaili yaliyo wazi yenye majina chini ya moja. Ukishajua kwamba ni mchakato 2213, faili namba 7, una njia tatu. Kuuanzisha upya mchakato, ndiyo dawa ya kawaida. Kulinakili faili kabla halijapotea, kama kulifuta kulikuwa ajali:

```
cp /proc/2213/fd/7 /root/logi-iliyookolewa
```

Au kulikata hadi sifuri palepale kwa `: > /proc/2213/fd/7`, na nafasi inarudi papo hapo bila kuzima kitu. Tahadhari moja hapa. Kama programu haikufungua logi kwa hali ya kuongeza mwishoni, itaendelea kuandika pale ilipokuwa imefika, na faili litaonekana kubwa kama zamani huku mbele yake kuna shimo lisilo na bloku yoyote. Ukilitazama kupitia njia hiyohiyo ya `/proc`, `ls -lL` itakutisha bure. `du -L` itakwambia ukweli, kwa sababu ukubwa na idadi ya bloku ni sehemu mbili tofauti za inodi na si lazima zikubaliane.

Tabia hii si bahati mbaya. Programu nyingi huunda faili la muda, hulifungua, kisha hulifuta hapohapo na kuendelea kulitumia, ili hata zikifa ghafla pasibaki takataka. Linux 3.11, mwaka 2013, ilikwenda mbali zaidi kwa kuleta `O_TMPFILE`: faili linalozaliwa bila jina, na ukipenda utalipa jina baadaye. Kwangu hicho ndicho kielelezo bora kuliko vyote cha jinsi mambo haya mawili yalivyotenganishwa.

Kubadilisha jina nako ni kazi ya saraka tupu. Ndani ya mfumo mmoja wa mafaili, `mv` ya faili la GB 50 inakwisha kufumba na kufumbua kwa sababu hakuna hata baiti moja ya data inayosogea. Ukivuka kwenda patisheni nyingine (sehemu ya diski yenye mfumo wake wa mafaili), namba ya inodi haina maana huko, kwa hiyo `mv` inalazimika kunakili kila kitu na kufuta cha zamani. Kwenye Toleo la 7 mwito wa kubadilisha jina haukuwepo kabisa. Uliongeza jina jipya, ukaondoa la zamani, na mashine ikizimika katikati unakuta yote mawili. Mwito `rename` ulikuja na 4.2BSD mwaka 1983, na ubora wake ni kwamba, kwa programu nyingine zinazotazama, hutokea wote au hautokei. Kama jina la pili tayari lina faili, linahamishiwa inodi mpya bila sekunde hata moja ambapo jina halipo.

Vihariri na programu za usanidi wanautegemea sana ujanja huo: andika toleo jipya kwenye faili la pembeni, kisha lipe jina la lile la zamani. Ni salama, lakini una matokeo ambayo huwashangaza watu. `sed -i` inaonekana kama inahariri faili, kumbe inaunda jipya lenye inodi nyingine. Kama faili la awali lilikuwa na jina la pili mahali fulani, jina hilo limebaki na maandishi ya zamani. Hivyo hivyo `tail -f` inaweza kukaa kimya milele baada ya logi kuzungushwa (ya zamani kupewa jina lingine na mpya kuanzishwa), maana imeshikilia inodi ya jana; `tail -F` ndiyo inayolifuata jina. Ningekuwa na uwezo ningeifanya hii ya pili iwe ya kawaida.

Viungo laini havihitaji maneno mengi. Kiungo laini ni faili lenye inodi yake, na yaliyomo ni njia tu iliyoandikwa kwa maandishi. Hakiongezi hesabu ya majina, kinaweza kuvuka patisheni, na kinaweza kuelekeza pasipo na kitu. Kwenye ext2 na ext4, njia fupi isiyofika baiti 60 haipewi bloku. Inaandikwa ndani ya inodi, palepale ambapo vielekezi vingekaa. Hizo ni zile nafasi 15 za baiti nne nne.

Tarehe ndizo zinazoeleweka vibaya kuliko sifa zote. Inodi ya jadi ina tatu. `mtime` ni mara ya mwisho data kubadilika. `atime` ni mara ya mwisho kusomwa, na imekuwa kero siku zote kwa sababu inageuza kila usomaji kuwa uandishi. Tangu Linux 2.6.30 ya mwaka 2009 hali ya kawaida ni kuisasisha pale tu inapokuwa nyuma ya tarehe nyingine au imepitwa na saa 24. Ya tatu, `ctime`, nimeiona ikiitwa tarehe ya kuundwa hata kwenye vitabu. Si hivyo. Ni tarehe ya mwisho inodi yenyewe kubadilika: `chmod` inaisogeza, kuongeza jina kunaisogeza, kuandika data kunaisogeza. Na hakuna mwito wa kuiweka upendavyo. Mtu anaweza kutumia `touch -d` kulifanya faili lionekane la miaka mitano iliyopita, lakini kitendo hicho chenyewe kinabadilisha inodi, na `ctime` inaandika saa aliyofanya hivyo. Anayechunguza seva iliyovamiwa huanza hapo. Tarehe halisi ya kuzaliwa imo kwenye inodi za ext4, ila Linux haikuwa na njia ya kawaida ya kuiuliza hadi mwito `statx` ulipoingia toleo la 4.11, mwaka 2017. Inodi za baiti 128 zinaweka tarehe kwa biti 32 na zitafika ukingoni Januari 2038. Zile za baiti 256 zilipata biti mbili zaidi na zina hadi mwaka 2446.

Limebaki jambo la seva inayolalamika `No space left on device` huku `df` inaonyesha nafasi tele. Kabla hujatilia shaka diski, andika `df -i`. Ext4 hugawa inodi zote siku ya kuunda mfumo wa mafaili, moja kwa kila baiti 16,384, kwa hiyo patisheni ya GB 100 zikihesabiwa kwa 1,024 inapata inodi 6,553,600 na si zaidi. Programu inayotupa mamilioni ya mafaili madogo ya muda, vipande vya barua pepe au vikao vya watumiaji wa tovuti, itazimaliza inodi kabla ya bloku, na keneli inatumia ujumbe uleule kwa njaa zote mbili. Kumtafuta mlaji ni rahisi:

```
du --inodes -x /var | sort -n | tail
```

Usishangae ukikuta saraka yenyewe ina makumi ya MB. Hayo ni majina tu, na kwenye ext4 saraka iliyovimba hivyo haisinyai hata ukiyafuta yote. Njia rahisi ni kuifuta na kuiunda upya. XFS na Btrfs, mifumo mingine ya mafaili, hazina tatizo hili la kuishiwa inodi kwa sababu zinaunda inodi kadiri zinavyohitajika. Kwenye ext4 huwezi kuziongeza bila kuipanua patisheni au kuunda mfumo upya, na ukiunda upya kwa `mkfs.ext4 -i 4096` utapata mara nne ya kawaida: inodi 26,214,400 kwenye zile GB 100, ambazo zinatengewa GB 6.25 za diski kabla hujaweka faili hata moja.